Majibu kwa Wasomaji: Jinsi Kompyuta Inavyotafuta Jeni Zinazoshirikiana Kuleta Maradhi

Mwezi huu barua tatu zimegusa jambo moja, mbili kutoka Lamu na moja kutoka Malindi. Kwa kuwa jambo lenyewe haliandikwi mara nyingi kwa Kiswahili, nimeona niziweke pamoja, na ya kwanza niipe nafasi kubwa kuliko kawaida ya safu hii.

SWALI

Ndugu Mhariri, assalaam aleikum. Binti yangu anasoma shahada ya uzamili inayochanganya kompyuta na biolojia. Aliporudi Amu kwa likizo nilimwuliza anafanya utafiti gani, akaniambia kwamba anatumia algoriti za mageuko kutafuta moduli za jeni za ugonjwa wa pumu katika mtandao wa protini. Niliitikia kwa kichwa, lakini kwa hakika sikuelewa, na nilisikitika kwa sababu mimi mwenyewe nina pumu, na marehemu mama yangu alikuwa nayo pia. Naomba nielezwe: kompyuta inatafuta nini hasa, na kwa nini isiitafute hiyo jeni moja yenye kosa ikamaliza kazi? Tena hilo neno mageuko limeingiaje? Shekhe mmoja wa mtaani kwetu ameniuliza, nami nikakosa la kumjibu.

Mama wa mwanafunzi, Langoni, Lamu

JIBU

Wa aleikum salaam, Mama. Nitaanza na hiyo jeni moja, kwa sababu swali hilo ndilo mlango wa mengine yote.

Yapo maradhi ambayo chanzo chake ni jeni moja, yaani fungu moja la maelekezo ya kurithi yaliyoandikwa kama kwa herufi ndani ya seli, na sisi wa pwani tunayajua vizuri. Selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu huuita sikoseli, hutokana na kosa la herufi moja tu katika jeni iitwayo HBB, iliyo kwenye kromosomu ya 11 (kromosomu ni vifurushi vinavyobeba jeni ndani ya seli), ambayo ndiyo inayoelekeza mwili namna ya kutengeneza sehemu ya himoglobini, yaani ile protini inayobeba oksijeni ndani ya damu. Mtoto akirithi nakala yenye kosa kwa baba na nyingine kwa mama, huugua. Akirithi nakala moja tu, kwa kawaida haugui, na juu ya hayo hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilitolea ushahidi mwaka 1954. Kwa ugonjwa wa namna hii hatuhitaji kompyuta itutafutie kikundi, kwani mkosaji anajulikana kwa jina na kwa makazi.

Hata hivyo, hata katika mfano huu ulio mwepesi, jeni haikai peke yake. Kuna hali nyingine ya kurithi iitwayo thalasemia ya alfa, inayohusu jeni zilizo kwenye kromosomu ya 16, ambazo hutengeneza nusu ya pili ya himoglobini ile ile, nayo pia humkinga mtoto na malaria kali. Mtu angetarajia kwamba mtoto aliyerithi hali zote mbili atakuwa na kinga maradufu. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Kilifi, kaunti ambayo Malindi imo ndani yake, walichapisha mwaka 2005 matokeo yaliyo kinyume kabisa: zilipokutana hali hizo mbili katika mwili mmoja, hasa kwa mtoto aliyerithi thalasemia hiyo kwa wazazi wote wawili, kinga ilipungua hadi kukaribia kutoweka. Mimi huurudia mfano huu kila nipatapo nafasi, kwanza kwa sababu ni wa watoto wetu, na pili kwa sababu anayezichunguza jeni hizo moja moja, hata akizichunguza kwa uangalifu wa namna gani, hataliona jambo hilo kamwe. Linaonekana tu kwa anayezitazama zikiwa pamoja.

Pumu yako, Mama, iko mbali zaidi na mfano wa jeni moja. Mwaka 2007 watafiti waliolinganisha DNA za watoto wenye pumu na za wasio nayo walipata eneo kwenye kromosomu ya 17, karibu na jeni iitwayo ORMDL3, linalohusiana na pumu inayoanza utotoni. Tangu hapo maeneo mengine mengi yamepatikana katika kromosomu mbalimbali, na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Mtu anaweza kuwa nalo asiugue maisha yake yote, na moshi, vumbi na maambukizo ya utotoni yana sehemu yake pia. Kwa hiyo binti yako haulizi ni jeni ipi, bali ni jeni zipi zinazofanya kazi kwa ushirika, ambazo ushirika wao ukiharibika njia za hewa huvimba na kubana. Kikundi hicho cha jeni zinazoshirikiana ndicho anachokiita moduli.

Sasa tuje kwenye mtandao. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini, na protini hizo hushikana, hupokezana ishara, huwashana na kuzimana. Tukiifanya kila protini kuwa fundo, na kila mguso kati ya protini mbili kuwa uzi, tunapata kitu kama wavu mkubwa. Ramani moja mashuhuri iliyochapishwa mwaka 2015 ilikuwa na mafundo 13,460 na nyuzi 141,296, na walioichora waliyatazama maradhi 299 juu yake. Walichokiona katika mengi ya maradhi hayo ni kwamba jeni za ugonjwa mmoja hazikutawanyika ovyo, bali zilielekea kukaa jirani. Wewe umewaona wavuvi wakitengeneza nyavu zao: wavu ulionaswa na mwamba haukatiki fundo moja hapa na jingine upande wa pili, hupasuka mahali pamoja, na fundi huweka mkono pale pale. Mfano huo unatufikisha mbali, ingawa una mpaka wake, kwani katika wavu wa mvuvi kila fundo lina nyuzi sawa na mwenzake, ilhali katika mtandao wa protini yapo mafundo yenye uzi mmoja na yapo yenye mamia.

Kazi ya kompyuta, basi, ni kutafuta mahali wavu ulipopasuka. Hupewa vitu viwili: ramani ya wavu, na vipimo vya utendaji wa kila jeni kwa wagonjwa na kwa wazima, ili ijulikane jeni ipi imebadilika na kwa kiasi gani. Kisha huulizwa itoe kikundi cha jeni zilizobadilika na ambazo pia zimeunganika. Mtu atasema, na ijaribu vikundi vyote ichague kilicho bora. Haiwezekani. Kuchagua jeni 10 kati ya 100 tu kuna njia zaidi ya trilioni 17, na kuchagua 10 kati ya 20,000 kuna njia ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 37. Trey Ideker na wenzake, waliolitazama tatizo hili mwaka 2002, walionyesha kwamba ni katika yale matatizo ya hesabu ambayo hayana njia ya mkato inayojulikana ya kupata jibu bora kwa hakika, na wao wenyewe wakatumia mbinu inayoiga chuma kinachopoa polepole. Wengine baadaye waliiga ufugaji, na huo ndio upande wa binti yako: njia yao ya hesabu, hatua kwa hatua, ndiyo anayoiita algoriti ya mageuko.

Nitakuonyesha kwa bao, Mama, na ninakuomba ulitandike kweli, kwa sababu jambo hili hueleweka kwa mikono kuliko kwa macho. Safu moja ya bao ina mashimo manane. Tuseme ulimwengu wetu una jeni nane tu, moja kwa kila shimo, tukihesabu kutoka kushoto. Kete ndani ya shimo ina maana kwamba jeni hiyo imo kikundini. Shimo likiwa tupu, haimo. Kila safu basi ni jibu moja linalopendekezwa, na kwa kuwa bao lina safu nne, tuna nafasi ya majibu manne kwa wakati mmoja.

Zipe jeni pointi kulingana na zilivyobadilika kwa wagonjwa: ya kwanza 3, ya pili 2, ya tatu 0, ya nne 3, ya sita 4, na ya tano, ya saba na ya nane kila moja hasi 3, kwa kuwa hazikubadilika kabisa. Nyuzi ni hizi: ya kwanza inagusana na ya pili, na zote mbili zinagusana na ya tatu, ya tatu inagusana na ya nne, kutoka hapo kuna mnyororo mmoja, ya nne na ya tano, ya tano na ya nane, ya nane na ya saba, ya saba na ya sita. Alama ya kikundi ni jumla ya pointi za jeni zilizomo, ukiongeza 1 kwa kila uzi ulio ndani yake, na ukitoa 5 kwa kila kipande cha ziada ikiwa kikundi kimekatika vipande.

Weka kete bila kuchagua. Tuseme safu ya juu imeangukia mashimo ya kwanza, ya pili na ya sita: pointi 9, uzi mmoja, vipande viwili, kwa hiyo alama ni 5. Safu ya pili yake imeangukia la tatu, la nne na la nane: pointi 0, uzi mmoja, vipande viwili, alama ni hasi 4. Hao ndio wazazi. Sasa zaa watoto katika safu mbili zilizobaki: mtoto wa kwanza achukue mashimo mawili ya kushoto kama yalivyo kwa mzazi wa juu, na sita ya kulia kutoka kwa mzazi wa pili; mtoto wa pili achukue yaliyosalia. Mtoto wa kwanza anakuwa na kete katika la kwanza, la pili, la tatu, la nne na la nane, na alama yake ni 4. Mtoto wa pili ana kete moja tu, katika la sita, naye pia alama yake ni 4. Mpaka hapa hatujapata faida, kwani watoto wote wawili wako chini ya mzazi aliyekuwa na 5. Lakini kuna hatua moja imebaki: mara chache, kwa bahati nasibu, kete moja huongezwa au huondolewa. Bahati ikiangukia shimo la nane la mtoto wa kwanza na kete yake ikatoka, hubaki jeni ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, pointi 8 na nyuzi 4, kipande kimoja. Alama ni 12, na ukizijaribu njia zote 255 za kuweka kete katika safu hiyo hutapata inayozidi hapo.

Tazama lililotokea. Jeni ya tatu, ambayo yenyewe haikuwa na pointi hata moja, imeingia kwa sababu ndiyo inayowashikanisha wenziwe; jeni ya sita, iliyokuwa na pointi nyingi kuliko zote, imebaki nje kwa sababu iko mbali na kufikiwa kwake ni gharama. Mtafiti aliyepanga jeni kwa ukubwa wa mabadiliko yake angeanza na ya sita na angeitupa ya tatu. Tazama pia kwamba nusu nzuri ya jibu ilitoka kwa mzazi mwenye hasi 4, na ndiyo maana programu hizi haziwafungii mlango kabisa wenye alama za chini. Huwapa nafasi ndogo, kwa sababu hujui amebeba nini. Katika kazi ya binti yako safu ni mamia, mashimo ni maelfu, na vizazi hufuatana mamia kwa mamia, lakini kinachofanyika ni hicho hicho ulichokifanya kwa kete.

Kuhusu swali la shekhe, jina hilo la mageuko limetokana na wazo la uteuzi wa kimaumbile, nalo liliingizwa katika hesabu za kompyuta na watu kadhaa, mashuhuri zaidi akiwa John Holland wa Marekani, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1975. Lakini ndani ya kompyuta hakuna kiumbe, na anayeitumia njia hii hatakiwi kukiri wala kukanusha lolote kuhusu asili ya viumbe. Ni kuchagua, kuchanganya na kubadilisha kidogo, kama afanyavyo mfugaji wa mbuzi anayeamua beberu yupi apande na yupi asipande. Naamini shekhe ataliridhia jibu hilo, na akiwa na jingine la kuuliza, nafasi ipo.

SWALI

Mhariri, shikamoo. Nimeandika programu ya algoriti ya mageuko kwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho, ya kutafuta moduli ya jeni za saratani ya matiti, kwa kutumia data zilizo wazi kwa umma. Nimeiendesha mara tatu na nimepata vikundi vitatu tofauti, na katika vyote vitatu zimo jeni mashuhuri kama TP53. Msimamizi wangu anasema nichukue chenye alama ya juu niandike ripoti. Je, hiyo ni sawa?

Mwanafunzi, Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Alama ya juu pekee haitoshi, na nitakueleza kwa nini ili umweleze msimamizi wako kwa heshima ukiwa na hesabu mkononi.

Kupata majibu matatu tofauti si kosa la programu yako. Kila mara inaanza kwa kete zilizowekwa kwa nasibu, na ni sawa na watu watatu walioshushwa usiku wa giza katika milima ya mchanga ya Shela, kila mmoja akaambiwa apande mpaka ardhi isiinuke tena. Wote watafika kileleni, lakini si lazima kiwe kilele kimoja. Dawa yake ni kuiendesha mara nyingi, 50 au 100, kila mara ukiiandika nambari iliyoanzisha nasibu hiyo ili mwingine aweze kurudia kazi yako, kisha uhesabu kila jeni imejitokeza mara ngapi. Zinazorudi karibu kila mara ndizo kiini cha kikundi. Zilizojitokeza mara moja katika mia usiziandikie aya.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni TP53. Jeni hiyo inahusika na saratani kweli, sikatai. Protini yake iligunduliwa mwaka 1979 na tangu hapo imechunguzwa kuliko karibu nyingine yoyote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nyuzi zake nyingi zimekwisha kuandikwa katika ramani, ilhali jeni ambayo haijachunguzwa inaonekana kama maskini asiye na jamaa, kumbe hatujamtembelea. Alama inayotoa pointi kwa kila uzi itaivuta TP53 katika kila ugonjwa, uwe saratani, uwe pumu. Hata kanuni niliyompa Mama wa Langoni hapo juu ina udhaifu huo. Rekebisha alama yako ili isihesabu nyuzi zilizomo tu, bali ilinganishe idadi hiyo na ile ambayo ingetarajiwa kwa mafundo yenye wingi kama huo wa nyuzi. Kisha changanya mtandao wako, yaani kata nyuzi na uzifunge upya kwa nasibu huku kila fundo likibaki na idadi yake ile ile, na uiendeshe programu juu ya mtandao huo wa uongo. Ikikuletea kikundi chenye alama karibu na ile ya kwanza, basi alama yako inapima umaarufu, haipimi ugonjwa.

Fanya hivyo pia kwa wagonjwa. Changanya vibandiko vya nani mgonjwa na nani mzima, uiendeshe tena, mara 1,000 ikiwa kompyuta yako inaweza, uone ni mara ngapi nasibu tupu inaifikia alama yako. Hili ninalikazia kwa sababu katika saratani ya matiti hasa limewahi kuwaumbua wataalamu wenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Brussels walizichukua orodha 47 za jeni zilizokwisha kuchapishwa kuwa zinatabiri hali ya baadaye ya wagonjwa wa saratani hiyo, wakazilinganisha na orodha za ukubwa ule ule zilizookotwa kwa nasibu, na wakakuta kwamba 28 kati yake hazikuwa bora kwa kiasi cha maana kuliko zile za kuokota. Sababu kubwa ni kwamba jeni nyingi sana katika uvimbe hupanda na kushuka kwa kufuata kasi ya seli kugawanyika, kwa hiyo ukitupa mkono popote utaibuka na kitu kinachoonekana kuwa na maana. Orodha ya kuokota ndiyo mpinzani wako wa kweli, wala si sifuri.

Kisha kuna suala la mizani yenyewe. Katika mfano wa bao nilitoza 5 kwa kipande cha ziada. Ningetoza 3, kikundi cha jeni nne kingebaki na 12, lakini ukiiongeza ya sita kingefika 13, na ile jeni tuliyoiacha nje ingerudi ndani kwa ushindi. Hakuna kilichobadilika katika mwili wa mgonjwa. Kilichobadilika ni nambari moja niliyoichagua mimi. Ndiyo sababu wengi siku hizi hawazijumlishi shabaha mbili kwa nguvu ziwe alama moja. Kalyanmoy Deb na wenzake wa India walichapisha mwaka 2002 algoriti iitwayo NSGA-II, ambayo huacha shabaha zikae mbali mbali, kwa mfano ukubwa wa mabadiliko upande mmoja na uimara wa muungano upande wa pili, na badala ya jibu moja hukupa msururu wa majibu ambayo hakuna hata moja kati yake linaloshindwa na jingine kwa kila kitu. Ukiutazama msururu huo unajua unalipa nini ili upate nini. Kwa mradi wako ningeanzia hapo.

Nina ombi moja la mwisho kwako, ambalo ni maoni yangu na unaweza kuyakataa. Kabla hujaisifu algoriti ya mageuko, andika pia njia nyepesi, inayoanza na jeni moja na kuongeza jirani bora mmoja mmoja, na uipe muda ule ule wa kompyuta. Katika shindano kubwa la kimataifa ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, njia 75 za kutafuta moduli zilipimwa kwa kutumia data za tafiti 180 za kijenetiki, na haikupatikana aina moja ya njia iliyo bora kwa asili yake. Njia nzuri za aina tofauti zilikamata vikundi tofauti vilivyokamilishana. Kama njia nyepesi inafika pale inapofika yako, liandike hilo waziwazi. Na kikundi utakachobaki nacho kipime kwa wagonjwa wa data nyingine ambayo programu yako haijaiona hata mara moja. Ripoti inayosema kwamba kati ya jeni 30 ni 9 tu zilizosimama baada ya majaribio yote haya, kwangu mimi ina thamani kuliko ile yenye 30 ambazo hazikujaribiwa.

SWALI

Salaam Mhariri. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kijana mmoja amekuja kisiwani kwetu na karatasi za kampuni inayouza kipimo cha mate, akisema kwamba sayansi sasa inajua vikundi vya jeni vya kisukari, presha na pumu, na ukilipa utaambiwa utaugua nini. Majirani wananiuliza walipe au wasilipe. Niwaambie nini?

Bibi muuguzi, Shela

JIBU

Shikamoo, Bibi. Waambie wasilipe.

Moduli inayopatikana katika mtandao hueleza kundi la wagonjwa lilivyotofautiana na kundi la wazima kwa jumla. Haikusudiwi kumwambia mtu mmoja kwamba ataugua au hataugua. Faida yake kwa sasa ni kwa watafiti, ambao huitumia kuamua jeni ipi ipelekwe maabara ikachunguzwe kwanza, au dawa ipi iliyopo tayari inagusa mahali pale palipopasuka. Vipo vipimo vya jeni nyingi vinavyotumika hospitalini kweli, kwa mfano MammaPrint, ambacho hupima jeni 70 na kiliidhinishwa Marekani mwaka 2007, lakini hicho hupimwa kwenye uvimbe wa mgonjwa ambaye tayari ana saratani ya matiti, ili kusaidia kuamua matibabu, wala si kwenye mate ya mtu asiyeumwa anayetaka kubashiriwa.

Tena data ambazo hesabu hizi zimejengwa juu yake zimetoka kwa sehemu kubwa kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani. Mradi wa H3Africa wa kuchunguza jeni za watu wa Afrika, uliofadhiliwa kwa miaka 10 kuanzia 2012, ulianza kuziba pengo hilo, lakini bado ni kubwa, na hatari iliyokadiriwa kwa watu wa asili ya Ulaya haimkai mtu wa Shela kama inavyowakaa wao. Na mate yakishatolewa, taarifa iliyomo haiwezi kurudishwa mdomoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo yeyote anayezikusanya anapaswa kumweleza mtu waziwazi zinakwenda wapi na kwa kazi gani. Mwulize kijana huyo swali hilo mbele ya majirani.

Kipimo ambacho ningewasihi wakifanye ni kingine, nacho wewe unakijua kuliko mimi: kipimo cha damu kinachoonyesha aina ya himoglobini, kwa ajili ya selimundu. Hapo jeni ni moja, jibu lake ni la yakini, na linamhusu mtu mwenyewe na watoto atakaowazaa. Katika majirani hao, wale wanaojiandaa kuoa au kuolewa ndio wa kuanza nao, mume na mke watarajiwa wote wawili, kabla ya siku ya nikahi kupangwa.